Ernest Rutherford na Jiwe la Uluguru

Katika gazeti hili la shule yetu huandikwa mara kwa mara habari za watu mashuhuri, na wengi wao ni wafalme, majemadari na viongozi wa nchi. Mimi nimeomba nafasi niandike habari za mtu ambaye hakuongoza jeshi wala hakutawala nchi. Jina lake ni Ernest Rutherford. Nimemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba yeye ndiye aliyetuonyesha jinsi atomu ilivyojengwa kwa ndani, na kila mwanafunzi wa Kemia na Fizikia hujifunza kazi yake, apende asipende. Ya pili ni kwamba jina lake limo katika milima hii ya Uluguru tunayoitazama kila asubuhi tukiwa mstarini, na wachache miongoni mwetu wanajua hivyo.

Tena kuna jambo linalonisukuma. Wengi wa wenzangu waliiacha Fizikia walipoingia Kidato cha Tatu, wakidhani kwamba ni elimu ya watu wa mbali, watoto wa matajiri wenye mashine kubwa. Basi na tuyatazame maisha ya mtu huyu, tuone kama dhana hiyo ni ya kweli.

Yafaa kwanza tujue fumbo alilolikuta duniani. Ukikata kipande cha muhogo katikati, kisha nusu yake ukaikata tena, na tena, je, utaendelea kukata milele, au utafika mahali kisu kigome? Swali la namna hii waliliuliza Wagiriki zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Leucippus na mwanafunzi wake Democritus, wa mji wa Abdera, walisema kwamba kisu kitagoma. Waliamini kuwa vitu vyote vimefanywa kwa chembe ndogo mno zisizokatika, zinazokwenda huku na huko katika nafasi tupu. Kwa lugha yao kitu kisichokatika huitwa atomos, na hapo ndipo lilipotoka neno letu atomu. Lakini Aristotle, mwenye sifa kubwa kuliko wao, hakukubali. Yeye alifundisha kwamba vitu vya dunia hii ni mchanganyiko wa udongo, maji, hewa na moto. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa na njia ya kupima, watu walifuata mwenye sifa, na mawazo ya Democritus yakawekwa kando kwa karne nyingi.

Aliyeyarudisha kwa mizani alikuwa mwalimu wa shule, John Dalton, mtoto wa mfumaji nguo, aliyeishi Manchester katika Uingereza. Kitabu chake kilianza kutoka mwaka wa 1808. Dalton aliona kwamba vitu vinapoungana huungana kwa vipimo maalumu. Kwa mfano, kaboni gramu 12 huungana na oksijeni gramu 16 au gramu 32, wala si gramu 20 wala 25. Akasema sababu ni kwamba atomu huungana moja kwa moja, au moja kwa mbili, na haziwezi kuungana nusunusu. Hata hivyo Dalton naye aliamini kwamba atomu haikatiki. Mambo yalikuwa hivyo alipozaliwa Rutherford.

Ernest Rutherford alizaliwa tarehe 30 Agosti, 1871, karibu na mji wa Nelson katika New Zealand, visiwa vilivyo mbali sana kusini mwa dunia. Baba yake, James, aliletwa huko kutoka Scotland akiwa mtoto. Alikuwa fundi wa magurudumu na mkulima, na baadaye alikuwa na kinu cha kusindika mmea fulani wenye nyuzi ambao, kama mkonge wetu wa hapa Morogoro, hufanyiwa kamba. Mama yake, Martha, alikuwa mwalimu wa shule. Watoto wao walikuwa 12, na Ernest alikuwa wa nne. Alikua akichunga, akikata kuni na kusaidia mashambani kama watoto wengine. Ndugu zake wawili walikufa maji wangali vijana.

Watu wakisikia habari za mwanachuoni mkubwa hudhani kwamba tangu utoto kila mlango ulifunguka mbele yake. Kwa Rutherford haikuwa hivyo. Wazazi wake hawakuwa na fedha za kumpeleka sekondari, kwa hiyo ilimlazimu kushinda mtihani wa skolashipu. Mara ya kwanza alishindwa. Alirudia, na mwaka 1887 akaingia katika shule ya bweni ya Nelson, akiwa amepata maksi 580 katika 600. Huko alikuwa mchezaji wa mpira wa ragbi, na mwaka wa 1889 akawa kiranja mkuu. Alipotaka skolashipu ya chuo kikuu alishindwa tena mara ya kwanza, akaipata mara ya pili. Alisoma Christchurch, akapata digrii tatu. Chuoni alifanya uchunguzi wake wa sumaku na umeme katika chumba duni cha chini, ambamo wanafunzi walikuwa wakitundika majoho yao. Baada ya hapo aliomba kazi ya ualimu wa shule mara tatu, na mara zote tatu hakuipata.

Mwaka wa 1895 kulitolewa skolashipu moja ya kwenda kusoma Uingereza. Rutherford aliomba, akawa wa pili, na nafasi akapewa mwenzake. Kwa bahati mwenzake huyo akaiacha, basi ikamwangukia yeye. Husimuliwa kwamba habari zilipomfikia alikuwa shambani kwa wazazi wake akichimba viazi, naye akalitupa jembe akisema kuwa hicho ndicho kiazi chake cha mwisho kuchimba. Alikopa nauli akapanda meli.

Katika chuo kikuu cha Cambridge alipokewa na Profesa J. J. Thomson, mkuu wa Maabara ya Cavendish. Wakati ule sayansi ilikuwa ikitikisika. Mwaka wa 1896 Henri Becquerel wa Ufaransa aligundua kwamba madini ya urani hutoa mionzi yenyewe, bila ya kupashwa moto wala kuwekwa juani. Mwaka wa 1897 Thomson alionyesha kwamba ndani ya atomu mna vijichembe vyepesi mno vyenye umeme, navyo ndivyo tunavyoviita elektroni. Kitu kisichokatika kikaonekana kina vipande! Thomson alidhani elektroni zimekaa ndani ya atomu kama zabibu kavu ndani ya mkate.

Mwaka wa 1898 Rutherford, akiwa na umri wa miaka 27, alipata uprofesa katika chuo kikuu cha McGill, mjini Montreal, nchi ya Kanada. Aliichunguza mionzi ya urani, akaona ni ya namna mbalimbali, akaziita mbili kati yake alfa na beta. Alimwoa Mary Newton mwaka wa 1900, wakapata mtoto mmoja wa kike. Pamoja na kijana mkemia Frederick Soddy alivumbua jambo lililowashangaza wataalamu wote. Waliona kwamba atomu inayotoa mionzi haibaki kama ilivyokuwa, bali hugeuka ikawa atomu ya kitu kingine. Kila namna ina muda wake maalumu ambao katika huo nusu yake hugeuka. Muda huo kwa namna nyingine ni dakika chache, lakini kwa urani ni kadiri ya miaka milioni 4,500. Rutherford akatambua kwamba mwamba wenye urani ni kama saa: ukipima kiasi kilichogeuka, waweza kujua umri wake. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupima umri wa mwamba kwa njia hiyo.

Na hapa ndipo milima yetu inapoingia katika habari hii. Nchi yetu wakati ule ilikuwa chini ya Wajerumani, na katika milima ya Uluguru kulikuwa na machimbo ya ulanga, yale madini yanayong'aa na kubanduka kama kurasa za daftari. Pamoja na ulanga lilipatikana jiwe jeusi, zito sana kuliko mawe ya kawaida, nalo ni madini ya urani. Vipande vyake vilifika Berlin kwa mkemia Willy Marckwald. Marckwald aliona kwamba mawe mengine yamegeuka kwa nje yakawa unga wa manjano. Alipoupima aligundua kwamba ni madini mapya, mchanganyiko wa urani, kaboni na oksijeni, yasiyojulikana kabla yake. Mwaka wa 1906 aliyatangaza, akayapa jina la rutherfordine kwa heshima ya Rutherford, aliyekuwa angali Montreal. Reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa haijafika Morogoro, maana ilifika mwaka wa 1907. Kwa hiyo jiwe la mlima huu lilisafiri hata Ulaya na kupata jina kabla mji wetu haujaona garimoshi.

Katika vitabu nilivyosoma nimeona jina la Marckwald na la Rutherford, lakini jina la mtu aliyeinama shimoni akalitoa jiwe lile halimo. Wazee husema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aliinama mmoja, wakasifiwa wengine. Nadhani ni haki tumkumbuke naye katika gazeti la shule iliyo chini ya mlima ule ule.

Mwaka wa 1907 Rutherford alihamia Manchester, mji ule ule wa Dalton, na mwaka wa 1908 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Wengi wangetosheka hapo, lakini kazi yake iliyo kubwa kuliko zote ilikuwa bado. Alitaka kujua sura ya atomu, nayo ni ndogo mno haionekani. Alifanya kama mtu anayetupa mawe ndani ya kichaka chenye giza ili asikie yanapogonga. Mawe yake yalikuwa chembe za alfa, na kichaka chake kilikuwa dhahabu iliyofuliwa ikawa nyembamba kupita karatasi yoyote. Nyuma yake aliweka kioo kilichopakwa dawa inayotoa kimeta kila chembe inapokigonga.

Kazi ya kuhesabu vimeta ilifanywa na msaidizi wake Hans Geiger, Mjerumani, na mwanafunzi Ernest Marsden, kijana wa miaka 20. Ilibidi wakae gizani kwanza mpaka macho yazoee, kisha wahesabu kimeta kimoja kimoja kwa darubini. Hiyo ndiyo mashine yao, yaani macho na subira. Chembe karibu zote zilipita moja kwa moja kama kwamba hapana kitu. Lakini mwaka wa 1909, Rutherford alipomwagiza Marsden atazame kama kuna zinazorudi nyuma, zikaonekana! Walipotumia bamba la platini, kadiri ya chembe 1 katika kila 8,000 ilirudi ilikotoka. Kama atomu ingalikuwa laini kama mkate wa Thomson, jambo hilo lisingaliwezekana kamwe.

Rutherford aliwaza na kupiga hesabu kwa muda mrefu. Mwaka wa 1911 alitoa jibu, kwamba karibu uzito wote wa atomu umekusanyika katika kiini kidogo mno katikati, nazo elektroni ziko mbali pembeni, na sehemu iliyobaki ni tupu. Ili tuelewe udogo huo, tuseme atomu moja ya dhahabu imekuwa kubwa kama Uwanja wa Jamhuri pamoja na majukwaa yake. Kiini chake kingekuwa kama punje ya hindi iliyowekwa katikati ya uwanja. Dawati unalolikalia, ukuta wa bweni, hata mwili wako, sehemu kubwa ni utupu. Mwaka wa 1913 Niels Bohr wa Denmark, aliyekuwa amefanya kazi kwa Rutherford, alieleza jinsi elektroni zinavyokizunguka kiini, na picha hiyo ndiyo tunayoichora katika madaftari.

Mwaka wa 1914 vita vikuu vikaanza. Geiger alipigana upande wa Wajerumani, na Marsden upande wa Waingereza. Henry Moseley, mwanafunzi aliyetazamiwa makuu kuliko wengi, aliuawa Gallipoli mwaka wa 1915, naye ana miaka 27. Vita hivyo vilifika hata hapa, na mwezi wa Agosti, 1916, majeshi ya Waingereza yaliuteka mji wa Morogoro.

Katika miaka hiyo ya damu jiwe la Uluguru lilifanya kazi yake kubwa. Ninaomba msomaji anifuate katika hesabu ndogo. Rutherford na wenzake walikuwa wamefundisha kwamba urani hugeuka hatua kwa hatua mpaka mwisho iwe risasi. Atomu ya urani ina uzito wa 238. Katika safari hiyo hutupa chembe za alfa 8, na kila moja ina uzito wa 4. Nane mara nne ni 32, na 238 ukitoa 32 zinabaki 206. Lakini risasi ya kawaida ina uzito wa 207.2. Basi ama mafundisho yale ni ya uongo, ama zipo risasi za namna mbili zisizo na tofauti yoyote ya kikemia ila uzito. Soddy alikwisha kusema mwaka wa 1913 kwamba mambo ya namna hiyo yapo, na atomu hizo zikaitwa isotopu. Ilibaki kupima.

Waliopima walikuwa Otto Hönigschmid na mwanamke mkemia aliyezaliwa Warsaw, Stefanie Horovitz, waliofanya kazi na taasisi ya uchunguzi wa radi iliyokuwa Vienna. Ilitakiwa risasi iliyotokana na urani tu, isiyochanganyika na risasi ya kawaida. Fuwele za urani kutoka Morogoro zilikuwa safi mno, na kwa hiyo zilifaa sana. Walipopima risasi yake walipata kadiri ya 206.05. Hesabu ya darasani na mizani ya maabara zikakutana! Risasi ile ilikuwa imejitengeneza kidogo kidogo ndani ya Uluguru kwa kadiri ya miaka milioni 600, ikingoja mtu wa kuipima. Horovitz mwenyewe hakuachwa afe kwa amani. Kwa kuwa alikuwa Myahudi, aliuawa na Wanazi katika kambi ya Treblinka mwaka wa 1942.

Rutherford katika vita alifanya kazi ya kutafuta njia ya kusikia nyambizi chini ya maji. Lakini wakati wa nafasi alirudi mezani kwake, na mwaka wa 1919 akatangaza kwamba amezipiga atomu za naitrojeni kwa chembe za alfa na kutoa ndani yake viini vya haidrojeni. Kwa mara ya kwanza binadamu alikigeuza kiini cha atomu kwa makusudi. Mwaka huo akawa mkuu wa Maabara ya Cavendish mahali pa mwalimu wake Thomson. Mwaka wa 1920 alikisia kwamba ndani ya kiini mna chembe nyingine isiyo na umeme, na mwaka wa 1932 mwanafunzi wake James Chadwick akaipata, ndiyo nyutroni. Mwaka huo huo vijana wake wengine wawili, John Cockcroft na Ernest Walton, wakavunja kiini cha atomu ya lithi kwa mashine.

Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti kubwa, na alipenda kuzunguka maabarani akiwauliza vijana wamefika wapi. Aliwasifu waziwazi na kuwapa haki yao katika maandishi. Mwaka wa 1931 alifanywa Lord, akachagua kujiita kwa jina la Nelson, mji wa shule yake. Wanazi walipowafukuza wanavyuoni wa Kiyahudi mwaka wa 1933, aliongoza baraza lililowatafutia kazi na makazi. Si kwamba hakukosea. Mwaka huo huo alisema kwamba wanaotumaini kupata nguvu za kuendesha mitambo kutoka kwenye atomu wanaota ndoto. Alifariki Cambridge tarehe 19 Oktoba, 1937, baada ya ugonjwa wa ngiri uliombana ghafula, na majivu yake yalizikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London, karibu na kaburi la Newton. Mwaka uliofuata wataalamu wa Berlin walipasua kiini cha urani, na mwaka wa 1945 mabomu ya atomu yaliangamiza Hiroshima na Nagasaki. Mionzi hiyo hiyo leo hutibu wagonjwa wa saratani katika Taasisi ya Ocean Road, Dar es Salaam. Elimu ni kama moto wa jikoni: hupika chakula, na huweza kuchoma nyumba.

Nimesema mwanzoni kwamba tutazame kama Fizikia ni elimu ya matajiri wa mbali. Rutherford alitoka mbali kuliko sisi, alikuwa mtoto wa fundi, na mara nyingi mlango wa kwanza ulifungwa mbele yake. Democritus na Aristotle walibishana kwa maneno, na maneno hayakuweza kuamua kati yao. Walioamua ni watu waliokaa gizani wakahesabu, na waliochimba jiwe wakalipima. Jiwe lenyewe lilitoka hapa petu.

Wadogo zetu wa Kidato cha Pili muda si mrefu watachagua masomo. Ninawaomba wasiiache Fizikia kwa sababu ya woga tu, na anayeshindwa jaribio la kwanza akumbuke skolashipu za Rutherford. Kwa wazazi ninaomba wasiwaambie mabinti zao kwamba somo hili ni la wavulana, maana aliyeipima risasi ya Uluguru alikuwa mwanamke. Na yeyote atakayekwenda milimani likizoni akaona jiwe jeusi zito lenye unga wa manjano, asilitie mfukoni, kwa kuwa mionzi yake hudhuru mwili. Alitazame kwa mbali, na akirudi shuleni amweleze mwalimu wa sayansi alipoliona.